Kuhesabu Chakula au Kuuzoeza Mwili?

Somo kwa walimu wa dini na wakristo wote wasomao. Soma kwanza: 1 Wakorintho 6:12-20; 1 Timotheo 4:7-8; Danieli 1.

Ndugu wapenzi, katika sharika zetu za Tukuyu na Rungwe limetufikia swali ambalo baba zetu hawakupata kuulizwa. Wako wakristo, hasa walimu wa shule, wauguzi, wenye maduka, na vijana warudio kutoka mijini, ambao simu zao zina programu za kutunza afya. Programu hizo ni za namna mbili. Ya kwanza humwagiza mtu aandike kila alacho na kila anywacho, nayo humjumlishia kalori, sukari na mafuta ya siku nzima. Ijulikanayo sana ni MyFitnessPal, iliyoanza mwaka 2005. Ya pili ni kama mwalimu wa mazoezi ya viungo. Humwambia mtu leo atembee dakika 20, kesho akimbie kidogo, keshokutwa ainue mwili wake kwa mikono, nayo huhesabu na kumsifu. Katika jamii hii ziko Nike Training Club, na Strava ambayo huandika safari za miguu na za baiskeli. Mtu mwenye fedha kidogo na nafasi kidogo auliza: Nishike ipi? Na mwalimu wa dini mmoja ameongeza swali lake: Je, mambo haya yamhusu mchungaji?

Yatuhusu, kwa kuwa sisi ndio tuzikao. Katika mazishi ya miaka hii twasikia mara nyingi maneno haya: kiharusi, presha, sukari. Tena bado wako wasemao kwamba ni mkono wa mtu. Basi ndugu huanza kutazamana kwa jicho baya katika ukoo, na huku wote wanaendelea kula na kukaa kama alivyokula na kukaa marehemu. Mwaka 2012 ulifanyika utafiti katika nchi yetu kwa watu wazima wa miaka 25 hata 64, ikaonekana kwamba katika kila watu 100, kama 26 walikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kama 9 walikuwa na ugonjwa wa sukari. Wengi wao hawakujijua. Mambo haya si uchawi. Ni mambo yenye sababu, na sababu nyingine zimo katika sufuria zetu na katika viti vyetu.

Wazee wetu walitoka Mwakaleli hata Tukuyu kwa miguu, wakapanda na kushuka, nao hawakuyaita mazoezi. Leo mtu wa mjini aitapo bodaboda ili aende mahali awezapo kupaona kwa macho, ni nani atakayemlaumu, na mvua yetu twaijua? Lakini mwili hauulizi sababu. Na dereva wa bodaboda mwenyewe, ambaye twamdhania kuwa hodari, hukaa kutwa nzima juu ya kiti.

Na tuanze na ile ihesabuyo chakula. Hesabu yenyewe si jambo jipya. Katika miaka ya 1890 mtaalamu wa Marekani jina lake Wilbur Atwater alijenga chumba kidogo katika mji wa Middletown, akawafungia watu humo siku kadha wa kadha, akapima joto la miili yao na chakula chao. Kutoka kwake zimetoka hesabu zitumikazo hata leo: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Programu ya simu haifanyi zaidi ya kujumlisha hesabu hizi upesi.

Faida yake kubwa ni kwamba humfumbua mtu macho. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani waliwapima watu ambao walisema, Sisi hatuli sana, lakini hatupungui. Walipopimwa kwa uangalifu ilionekana kwamba walikula karibu mara mbili ya walivyosema, na mazoezi yao yalikuwa machache kuliko walivyodhani. Hawakuwa waongo, walijidanganya wenyewe, kama nabii Yeremia alivyonena habari za moyo wa mtu. Tukitaka mfano wa kwetu, tutazame chai. Kijiko kimoja kidogo cha sukari ni kama gramu 4. Mtu anywaye vikombe vinne kwa siku, na katika kila kikombe vijiko vitatu, amekula gramu 48 za sukari kabla hajahesabu soda wala andazi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hii isizidi sehemu ya kumi ya chakula cha siku, na ingefaa zaidi iwe nusu ya hapo, yaani kama gramu 25. Nasi wachungaji na wainjilisti, tuzungukao nyumba kwa nyumba, kila nyumba hututilia kikombe, na sukari humiminwa kwa upendo. Afadhali kusema mapema, Mama, kwangu usitie sukari. Hakuna mama wa Rungwe atakayekasirika ukisema kwa adabu na kukimaliza kikombe chako.

Lakini programu hizi zilitungwa mbali nasi, na hilo huonekana mara. Huyajua makopo na maboksi ya dukani kwa mistari yake. Ndizi yetu haina mistari. Ukiandika mbalaga, haielewi. Ukitafuta ugali, hukuonyesha ugali wa namna kumi, kila mmoja na kalori zake, kwa sababu kila mtu duniani aweza kuandika apendavyo humo. Tena yataka gramu za sahani yako, nasi tunakula kutoka sinia moja pamoja na watoto na wageni. Ni nani atakayepima tonge? Wako walioanza kula peke yao jikoni ili wapate kuhesabu vizuri. Hilo hatulipendi. Meza ya pamoja ni kitu chema kuliko hesabu iliyo kamili.

Kwa mtu atakaye hesabu zilizo karibu na vyakula vyetu, yako majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe na shule ya afya ya Harvard. Na kwa mtu asiyetaka majedwali, zatosha hesabu chache za kukumbuka: wali uliopikwa, gramu 100, ni kama kalori 130, parachichi, gramu 100, ni kama kalori 160, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Twaona basi ya kwamba vijiko vitatu vya mafuta vilivyomwagwa katika ndizi ili zing'ae vyaweza kuzidi sahani ndogo ya mchele wa Kyela. Parachichi ni tunda jema, na sasa ni mali ya wilaya yetu. Lakini aliye mnene asile zima juu ya sahani iliyojaa, akidhani kwamba kitokacho mtini hakihesabiwi.

Sasa ile ya pili, mwalimu wa mazoezi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, lilishauri kwamba mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa dakika 150 hata 300 kila juma kwa kazi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, na siku mbili atumie nguvu za misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Anayetoka katikati ya Tukuyu kwenda Makandana na kurudi kwa miguu, akipanda pasipo kusimama kila mara kusalimia, ameanza kutimiza.

Wengi wameshikwa na hesabu ya hatua 10,000 kwa siku, hata huona huzuni wakilala na hatua 7,000. Ni vema wajue asili yake. Haikutoka kwa madaktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza chombo kidogo cha kuhesabu hatua, ikakipa jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za wanawake wazee zaidi ya 16,000: wale waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wale wa hatua 2,700, na faida ikaongezeka hata kama hatua 7,500, kisha haikuongezeka tena. Mama mzee wa Masoko asiogope.

Programu ya mazoezi nayo haituelewi sana. Mama apandaye mlima na mkungu wa ndizi kichwani, huku simu ameiacha nyumbani inachajiwa, programu humwandikia kwamba leo amekaa bure. Achumaye chai tangu asubuhi hana haja ya kijana wa kwenye simu kumwambia achuchumae na kusimama. Kwa mkulima wa namna hii jibu letu ni jepesi: asijisumbue na mwalimu wa mazoezi, atazame sukari, mafuta na chumvi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na ndani ya vikolezo vya dukani.

Wengine hudhani kwamba mazoezi humpa mtu ruhusa ya kula apendavyo. Hapa twaweza kujifunza kwa ndugu zetu Wahadza, wakaao kando ya Ziwa Eyasi, wawindao na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 walitangazwa watu wazima 30 wa kabila hilo ambao nguvu waliyoitumia kwa siku ilipimwa kwa maji ya namna ya pekee waliyokunywa. Watu wote walitazamia kwamba Wahadza, watembeao sana, wangetumia kalori nyingi kupita watu wa Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Ukilinganisha miili ya kadiri moja, walitumia karibu sawasawa. Ikaonekana kwamba mwili ukifanya kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine. Basi mtu akitembea saa moja kisha akanywa soda mbili kwa kujipongeza, amerudi alikotoka. Hata hivyo Wahadza hao wana mioyo yenye afya, kwa hiyo kutembea hakukupotea bure: huufaa moyo, damu na usingizi, hata kama uzito haushuki.

Twafika sasa kwenye swali lenyewe: ipi? Liko jaribio moja lililouliza karibu swali hili hili. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing, China, walichukuliwa watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Waligawanywa kufuata zahanati zao: wengine walifundishwa juu ya chakula tu, wengine mazoezi tu, wengine yote mawili, na wengine hawakuongezewa fundisho hilo. Baada ya miaka sita, katika watu 100 wasiofundishwa, 68 walikuwa na ugonjwa wa sukari. Waliofundishwa chakula walikuwa 44, wa mazoezi 41, na wa yote mawili 46. Tofauti za hao watatu ni ndogo. Tofauti kubwa ni kati yao na wale walioachwa. Habari za watu hao zilifuatwa hata miaka 30, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba waliofundishwa walikuwa wamekufa wachache. Kadhalika huko Marekani, mwaka 2002, watu waliopunguza uzito kidogo kwa chakula na kwa dakika 150 za mazoezi kila juma walipunguza hatari ya sukari kwa sehemu 58 katika 100, na wale waliopewa vidonge vya metformin kwa sehemu 31.

Kwa hiyo twasema: aliyekuwa akikaa tu, na ashike lile atakaloweza kulidumisha. Kama kazi yake ni ya kukaa, na tumbo lake si kubwa, aanze na kutembea. Kama uzito umezidi, au sukari imeanza kupanda, aanze na chakula, kisha aongeze kutembea juma kwa juma. Akitaka simu imsaidie, na imsaidie. Lakini asidhani kwamba simu itafanya kazi kwa niaba yake. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba waliwapa wagonjwa wanene programu ile ya MyFitnessPal. Baada ya miezi sita hawakupungua kupita wenzao wasiopewa, kwa maana wengi waliiacha baada ya mwezi wa kwanza. Na mwaka 2016 wengine walionyesha kwamba vijana waliovaa vyombo vya kupima mazoezi walipungua kilo 3 na nusu katika miaka miwili, na wenzao wasiovaa walipungua karibu kilo 6. Kinyume chake, mwaka 2008 ilitangazwa kwamba watu walioandika chakula chao kila siku walipungua kama mara mbili ya wale wasioandika kabisa. Kilichowafaa ni kuandika. Daftari la mtoto wa shule na kalamu vyaweza kazi hiyo, wala havihitaji bando.

Bando lenyewe na litazamwe. Sehemu zilizo bora katika programu hizi hulipiwa kila mwezi, mara nyingi kwa kadi ya benki na kwa fedha ya kigeni. Baba wa nyumba asilipie hesabu ya kalori zake kwa fedha ya mayai ya watoto. Hatusemi hivi kwa mzaha. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Na katika mkoa wa Iringa, ulio Nyanda za Juu pamoja nasi, penye mahindi na viazi na maziwa, ni zaidi ya nusu. Chakula kipo, lakini mtoto hupewa uji mtupu, na maziwa huuzwa yote asubuhi. Hivyo katika nyumba moja yaweza kuonekana mambo mawili kwa pamoja: baba ambaye mkanda haumfungi, na mtoto ambaye hakui. Programu ya baba haiwezi kumwona mtoto. Mzazi ndiye awezaye kuona, na mzee wa kanisa apitaye nyumbani, na mwalimu wa dini aliye na watoto mbele yake kila juma. Tukiuliza juu ya kuhesabu chakula, hesabu ya kwanza ya nyumba ya Kikristo ni hii: yai limekwenda kwa nani?

Kwa sababu hiyo pia mama mwenye mimba, mama anyonyeshaye, na mtoto, wasihesabiwe kalori ili wapungue. Na wasichana wa sekondari watazamwe kwa upole. Yuko aanzaye kwa kupunguza wali, akaja kuogopa chakula chote. Huyo hahitaji kukaripiwa bali kupelekwa kwa daktari.

Neno juu ya siri. Mtu aandikapo uzito wake, ugonjwa wake, na njia apitayo alfajiri, hayaandiki moyoni mwake. Huyaandika katika ghala la watu wengine. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba wezi wameiba habari za akaunti kama milioni 150 za MyFitnessPal. Mwaka huo huo ramani ya Strava ilionyesha hata kambi za askari, kwa sababu askari walikimbia wakiwa na vyombo vyao. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini iliyoibwa huko mbali hairudi kwa urahisi. Msichana akimbiaye peke yake asiitangaze njia yake kwa watu wote.

Sasa turudi katika Maandiko, kwa kuwa yanatumiwa vibaya pande zote mbili. Wako wamtajao Danieli kana kwamba alikula mboga ili apungue. Soma tena: alikataa asijitie unajisi, na mwisho wa siku kumi mwili wake ulionekana kunenepa kuliko wenzake! Wako nao wamshikao Paulo katika barua kwa Timotheo, wakisema mazoezi ya mwili hayana maana. Paulo hakusema hivyo. Alisema yana faida, ila ni ndogo ukiyapima na utauwa. Na kitu chenye faida ndogo hakitupwi. Na katika Wakorintho hasemi kwamba mwili ni hekalu kwa sababu ni mwembamba. Ni hekalu kwa sababu umenunuliwa. Mwili wa mgonjwa wa kiharusi alalaye kitandani Itete ni hekalu kamili, sawasawa na wa kijana akimbiaye kuelekea mlima Rungwe.

Sisi Walutheri tumefundishwa kupambanua sheria na Injili, na hapa lafaa sana fundisho hilo. Programu ni sheria tupu. Huonyesha tarakimu nyekundu, husema umezidi, nayo haina neno la kusamehe. Hesabu ya kesho huanza upya bila rehema. Sheria ya namna hii yaweza kumfaa mtu kwa mambo ya nje, kama sheria ya barabarani. Ikianza kumwambia kwamba yeye ni mtu mwema au mbaya, na aizime.

Mwisho, agizo moja ambalo halina hiari. Aliye na ugonjwa wa sukari na anatumia insulini au vidonge, asipunguze chakula wala asianze mbio kabla ya kusema na daktari, kwa kuwa sukari yaweza kushuka ghafula akazimia njiani. Kadhalika mwenye maumivu ya kifua. Na aliyepita miaka 40 ambaye hajapimwa damu yake wala sukari, na aende kwanza kupimwa, Makandana, au Itete, au Igogwe, au zahanati iliyo karibu, kabla ya kupakua programu yo yote.

Walimu wa dini watakaolifundisha somo hili na waulize hivi: Katika mtaa wetu ni nani waliokufa kwa kiharusi miaka hii mitano, na ukoo ulisema nini? Danieli alikataa chakula cha mfalme kwa sababu gani? Katika nyumba yako, ni nani hupakuliwa kwanza, na nyama au yai huwekwa katika sahani ya nani?